Mpira mmoja, mikono saba: kisa cha katheta ya muda mrefu katika hospitali moja ya Pemba

Kisa hiki ni cha hospitali moja ya Pemba. Umri, tarehe na mambo ya nyumbani nimeyabadilisha ili mwenyewe asitambulike. Mambo ya tiba nimeyaacha yalivyokuwa. Mgonjwa na binti yake waliridhia kiandikwe kwa ajili ya wauguzi wengine. Wakati huo nilikuwa inchaji wa wodi ya wanawake, na mpira ninaousimulia niliushika mara kadhaa kwa mikono yangu mwenyewe.

Usuli

Nitamwita Bi Mkubwa. Ni mama wa makamo, mkulima wa mwani, aliyepelekwa India kufanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo. Safari ya matibabu India si jambo geni Zanzibar. Kigeni kwetu kilikuwa kile alichorudi nacho: katheta ndefu, laini, iliyoingizwa kwenye mshipa wa mkono wa kulia juu kidogo ya kiwiko, ikapita begani, na ncha yake ikaishia kwenye mshipa mkubwa unaoingiza damu moyoni. Waliozoea kuihudumia huiita piki. Yeye na watu wa nyumbani kwake waliita mpira, na sisi tukafuata usemi wao.

Aliwekewa kwa sababu dawa za saratani alizopangiwa huunguza mishipa midogo, na alikuwa na miezi ya dozi mbele yake. Kanula ya mkononi, ile fupi ya kutilia dripu, hudumu siku chache tu. Piki ikitunzwa hukaa miezi. Hatari yake inatokana na hapo hapo ilipo ncha: kijidudu kikipenya kwenye kifuniko cha nje, maji ya sindano yanakisukuma hadi mlangoni mwa moyo. Tena baadhi ya vijidudu hivyo hujitandia utando wa ute kwenye ukuta wa ndani wa mpira, vikaishi humo, na dawa zikapita bila kuviua.

Dozi zenyewe alizifuata nje ya kisiwa, kwa boti, kila baada ya wiki 3. Baina ya dozi kazi ilikuwa yetu: kila wiki kuusafisha mpira kwa maji ya chumvi, kubadilisha dresingi, kubadilisha kifuniko. Alikuja na kijitabu cha Kiingereza na mfuko wa vifaa vya kutosha wiki 5 hivi. Ndani yake mlikuwa na dresingi angavu za kunata, zile zinazoonesha ngozi kwa chini, vifuniko, na mabomba ya sindano ya mililita 10.

Lazima nieleze alikuwa anahudumiwa wapi, maana chumba hicho kina sehemu kubwa katika kisa. Kwa kuwa hakuwa mgonjwa wa kulazwa, alipelekwa chumba cha dresingi. Humo ndimo vinamofunguliwa vidonda vya kisukari, majipu yaliyopasuliwa na majeraha ya bodaboda. Kitanda kimoja, troli moja, foleni moja. Anayefika mwanzo huhudumiwa mwanzo, na wenye vidonda hufika alfajiri.

Kilichotokea

Wiki 5 za kwanza zilipita salama. Aliyemhudumia mara nyingi alikuwa ndugu yetu mmoja aliyewahi kufanya kazi chumba cha wagonjwa mahututi huko Bara na kuzizoea katheta za mishipa mikubwa. Alikisoma kijitabu chote na kukifuata. Hakuandika popote alichokuwa akikifanya, na hakuna aliyemwambia aandike. Kisha akaenda likizo.

Wiki ya 6 mfuko wa vifaa uliisha. Dresingi angavu hatukuwa nazo, tukatumia gozi na plasta ya kawaida. Mtu akikosa kile, anatumia hiki. Ndivyo tunavyofanya kazi siku zote. Lakini tuliendelea kubadilisha mara moja kwa wiki, kwa sababu kijitabu kiliandika siku 7. Hakuna aliyesimama kujiuliza kwamba siku 7 ni za dresingi angavu. Gozi inayofunika katheta hubadilishwa kila siku 2, na mapema zaidi ikilowa, ikichafuka au ikibanduka. Tulichukua muda wa kifaa kimoja tukauvisha kifaa kingine.

Gozi ile ilikuwa inalowa kila siku, mara tano kwa siku. Bi Mkubwa ni mtu wa ibada. Sisi wengi Zanzibar tunafuata madhehebu ya Imam Shafii, na katika udhu wetu ni sunna kupitisha maji juu zaidi ya kiwiko. Yeye hakuwahi kuiacha sunna hiyo tangu utotoni. Tulimkataza asiingie baharini, akaacha mwani wake, binti akaenda badala yake. Udhu hatukuutaja. Wala yeye hakuwa na sababu ya kututajia. Kwake kutawadha si kuoga wala kuogelea.

Wiki ya 7 alikuja usiku anatapika, akalazwa. Daktari kijana wa zamu alitafuta mshipa akakosa, akavuta damu ya vipimo kupitia piki. Uamuzi wa kuutumia mpira ulikuwa na sababu, mishipa ya mama yule ilikuwa imechoka. Ila baada ya kuvuta damu, mpira haukusukumwa maji. Dripu iliyofungwa pale ikaisha saa za alfajiri, damu ikarudi nyuma ndani ya mpira, na chupa tupu ikakutwa inaning'inia asubuhi. Muuguzi wa zamu alikuwa peke yake na wagonjwa zaidi ya 30.

Wiki ya 8, chumba cha dresingi, mpira ulikuwa mzito. Mwenzetu alijaribu kwa bomba la mililita 10, maji hayakwenda. Akachukua bomba dogo la mililita 2, akakaza kidole gumba, ukafunguka. Alifurahi, na mimi niliyekuwa nimesimama pembeni nilifurahi pia. Bomba dogo lina nguvu kuliko kubwa: kidole ni kile kile, lakini uwanja wa kusukuma ni mdogo, kwa hiyo mgandamizo unapanda sana. Ungeweza kuupasua mpira ndani ya mshipa. Haukupasuka. Kilichosukumwa ni ile damu iliyoganda, pamoja na vyote vilivyokuwa vimeota juu yake.

Jioni ile Bi Mkubwa alitetemeka nyumbani hadi kitanda kikalia. Walimpeleka kituo cha afya cha karibu. Kipimo cha malaria hakikuonesha kitu, jambo la kawaida hapa kwetu ambapo malaria imeshuka sana. Akapewa vidonge vya maambukizi ya mkojo. Homa ikatulia baada ya siku 2.

Wiki ya 9 alirudi kwetu kama kawaida. Hakuna aliyemuuliza kuhusu homa. Mpira ukasukumwa maji, dresingi ikabadilishwa, akaondoka. Hata gari ya kurudia shamba hajaipata, akaanza kutetemeka kituoni. Wakarudi naye mbio.

Hapo ndipo binti yake aliponikabidhi daftari la skuli la kurasa 48. Alikuwa akiandika tangu wiki ya kwanza, kwa sababu kule India nesi alimwambia aandike. Tarehe, jina la aliyehudumia, kilichofanyika, mama alivyoamkia siku ya pili. Akanionesha mistari miwili kwa kidole. "Shangazi, tazama hapa na hapa. Kila akisukumwa maji, haipiti saa moja anatetemeka. Siku nyengine hana homa."

Kwa mtu mwenye katheta, maneno hayo yanatosha. Baridi na homa inayokuja ndani ya saa moja baada ya mpira kusukumwa ni dalili kwamba mpira wenyewe ndio wenye vijidudu. Kurasa za daftari lile zilikuwa na majina ya watu 7 waliowahi kuugusa, na mojawapo lilikuwa langu.

Maamuzi ya siku ile na sababu zake

La kwanza, hatukugusa tena mpira kwa ajili ya dawa wala maji. Dripu tuliiweka kwenye kanula ya mkono wa kushoto, ikachukua majaribio manne. Tuliona bora kumchoma mara nne kuliko kusukuma tena.

La pili, damu ya kuotesha, yaani ya kutazamwa maabara kama ina vijidudu, ilichukuliwa kabla ya dozi ya kwanza ya dawa, chupa moja kutoka kwenye mpira na nyingine kutoka mkono wa pili. Tulivutana hapa. Mwenzetu mmoja alitaka dawa ianze mara moja kwa jinsi mama alivyokuwa anatetemeka, na hoja yake ilikuwa na uzito: presha ilikuwa inashuka. Tukakubaliana dakika 15, zisizidi. Zilitosha. Bila chupa hizo tungetibu kwa kubahatisha, na tusingejua kama mpira unaweza kuokolewa au la.

Dawa ilianza usiku ule ule. Chupa zote mbili ziliota kijidudu kimoja, Stafilokokasi aureusi, ambaye makazi yake ni ngozi na pua zetu. Kijidudu hicho kikiingia kwenye katheta, kujaribu kuisafisha na kuibakisha ni kumhatarisha mgonjwa, kwani kinapenda kuhamia kwenye vali za moyo na mifupa. Daktari akaamua itolewe.

Tulipoondoa gozi tulikuta tundu jekundu, lenye unyevu, na alama za sentimita kwenye mpira zikionesha 5 nje ya ngozi. Karatasi ya India iliandika 2. Sentimita 3 zilikuwa zimetoka nje siku tusiyoijua, na gozi ilikuwa imezificha. Maana yake ncha haikuwa tena pale ilipowekwa. Aliyeitoa alimlaza mgonjwa chali, akamwambia abane pumzi, akavuta polepole, akafunika tundu kwa dresingi isiyopitisha hewa, kisha akaupima mpira wote kwa rula na kulinganisha na urefu ulioandikwa, tujue kwamba hakuna kipande kilichobaki ndani. Ulikuwa kamili. Ulikuwa umekaa siku 71.

Karatasi saba

Wiki iliyofuata metroni aliniomba niandike ripoti ya aliyekosea. Nilimwomba anipe siku 3. Niliwaita wote tuliotajwa kwenye daftari, nikawagawia karatasi tupu, nikasema: andika unavyousukuma mpira, hatua kwa hatua, bila kumtazama jirani. Na mimi nikaandika.

Zilikuwa karatasi 7 za kazi 7. Mmoja alisafisha kifuniko kwa spiriti, mwingine kwa iodini, mwingine hakusafisha kwa sababu kifuniko kilikuwa "kimefungwa muda wote". Aliyesafisha zaidi alisugua kama sekunde 3. Maji ya chumvi yalikuwa mililita 2, 5, 10 na 20. Wawili walimalizia kwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, na hawakukubaliana kiasi. Wapo waliovaa glovu safi za kawaida, wapo waliovaa za chumba cha upasuaji, na mmoja alinawa tu. Hakuna hata mmoja aliyeandika kupima urefu wa nje. Mimi sikuandika kuvuta damu kidogo kuona kama mpira unarudisha kabla ya kusukuma, kwa sababu sikuwa nikifanya.

Nilizibandika ukutani zote saba, bila majina. Watu walisimama wakasoma kwa muda mrefu. Kila mmoja aliandika alichofundishwa, na kila mmoja alifundishwa mahali tofauti na kwa kifaa tofauti. Wazembe hawakuwamo chumbani mle. Ripoti niliyompelekea metroni ilikuwa hizo karatasi.

Kutokana nazo tuliandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Nitaeleza yale yaliyotugharimu mjadala, yaliyobaki yamo katika miongozo yoyote.

Kifuniko husuguliwa kwa spiriti sekunde 15, ukihesabu kwa sauti, kisha kinaachwa kikauke. Tulitaka sauti kwa sababu mgonjwa anasikia, na anayesikia anaweza kusema "bado". Bomba ni la mililita 10, halipungui, na mabomba madogo hayawekwi kwenye trei kabisa. Vuta kwanza uone damu, kisha sukuma mililita 10 za maji ya chumvi kwa vipande, sukuma kidogo, simama, sukuma kidogo, ili maji yapige ukuta na kuuosha. Funga kibanio huku mkono ungali unasukuma, damu isipate nafasi ya kurudi. Ikiwa damu ilivutwa, mililita ni 20. Mpira ukikataa, simama na umwite mtu. Heparini tuliiondoa kwenye ukurasa wa piki. Kijitabu cha India hakikuidai, na mililita moja ya heparini iliyokosewa kipimo ina madhara kuliko faida tuliyokuwa tukiitarajia.

Dresingi ilichukua saa nzima ya mazungumzo. Tuliandika safu mbili badala ya moja: ukiwa na dresingi angavu, siku 7, ukiwa na gozi, siku 2, na yoyote ikilowa au ikibanduka, siku hiyo hiyo. Kadhalika dawa ya ngozi: klorheksidini ya 2% iliyo ndani ya spiriti ikiwepo, iache ikauke sekunde 30, isipokuwepo, iodini, nayo inataka dakika 2 kukauka. Mwongozo usiosema ufanye nini kitu kikikosekana, kwetu sisi unakufa mwezi wa pili.

Tukabadilisha mahali na wakati. Mwenye piki hatapita tena chumba cha dresingi. Atakuja wodini, saa 2 asubuhi, kabla ya jeraha lolote kufunguliwa, na trei yake imefungwa kwenye kontena la plastiki lenye kifuniko. Mama wa maabara alitupa kontena mbili za zamani.

La mwisho lilikuwa gumu zaidi: nani mwenye ruhusa ya kumzuia daktari. Kwenye mradi wa Michigan nchini Marekani, uliofanywa na Peter Pronovost na wenzake katika wodi 103 za wagonjwa mahututi na kuchapishwa mwaka 2006, wastani wa maambukizi ya damu yatokanayo na katheta ulishuka kutoka 7.7 kwa kila siku 1,000 za katheta hadi 1.4 baada ya miezi 16 hadi 18. Watu hukumbuka orodha yao ya mambo matano ya kuzuia maambukizi hayo. Mimi nilikumbuka kwamba pale ambapo si dharura, anayeweka katheta alisimamishwa akiruka hatua. Mganga mkuu wetu alikubali kutia saini sentensi moja chini ya ukurasa: muuguzi akisema "subiri, daktari", daktari anasubiri. Kwa heshima ya lugha yetu, wauguzi wadogo waliomba iongezwe neno "tafadhali". Tukaliongeza.

Matokeo

Bi Mkubwa alitibiwa kwa sindano siku 14, kipimo cha moyo hakikuonesha tatizo, damu iliyooteshwa tena haikuota. Dozi yake ya saratani ilichelewa karibu mwezi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi nikikumbuka, kwa sababu mwezi ule hakuna aliyemrudishia.

Akawekewa piki ya pili, mkono wa kushoto, nje ya kisiwa. Safari hii alirudi tukiwa tunamsubiri. Binti aliendelea na daftari lake, nasi tukachukua mistari yake tukatengeneza kadi inayobaki na mgonjwa: tarehe, urefu wa nje kwa sentimita, damu imerudi au haikurudi, aina ya dresingi na siku ya kubadilisha, jina la aliyehudumia, homa tangu mara ya mwisho ndiyo au hapana. Kadi ilikwenda naye kwenye boti na kurudi naye, na hospitali ya upande wa pili nao wakawa wanaijaza.

Juu ya udhu, hatukumpa fatwa. Tulimwomba aende na binti yake kwa sheikh wa msikiti wao, wakaeleze jambo lilivyo na wamwoneshe dresingi. Akamjibu kwamba faradhi ni hadi kiwiko na dresingi iko juu yake. Sunna ya kuzidisha aiache mkono ule mpaka apone. Alirudi na uso mweupe kabisa. Maneno yale kutoka kwetu asingeyapokea, wala hatukuwa na haki ya kuyasema.

Piki ya pili ilidumu siku 148, ikatolewa kwa sababu dozi zilikwisha. Haikuziba, haikupata maambukizi. Mara mbili urefu wa nje ulionekana umeongezeka kwa nusu sentimita na ukaandikwa, ukaangaliwa, ukabaki hapo.

Uchambuzi

Mgonjwa mmoja mwenye katheta mbili hathibitishi jambo. Mkono ulikuwa mwingine, mwili ulikuwa umepata nguvu, na sisi tulikuwa na hofu, nayo hofu hunawisha watu mikono kwa muda. Nayaeleza niliyoyaona.

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni kuhama kutoka chumba cha dresingi. Hakikuhitaji fedha wala mafunzo. Muuguzi hodari kuliko wote, akimaliza kidonda cha kisukari saa 3:40 na kumfungulia mtu mpira wa moyoni saa 3:45 kwenye kitanda hicho hicho, ameshawekwa pabaya kabla hajanawa. Tulizoea kuuliza nani ameufanya. Swali la wapi na baada ya nani lilichelewa.

Kadi nayo ilifanya zaidi ya tulivyotarajia, kwa sababu ya kile kiulizo cha homa. Wiki ya 9 tungelimuuliza, "Bi Mkubwa, tangu wiki ile umepata homa?", tusingeusukuma mpira. Swali la maneno machache. Daftari la binti lilikuwa na jibu, lilikuwa kwenye mkoba wake, umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye troli.

Usiku ulitushinda kwa muda mrefu. Tuliwafundisha watu wa asubuhi, tukawaangalia wakifanya mara tatu kila mmoja kabla ya kuwaandika majina, lakini zamu za usiku ziliachwa na karatasi ukutani. Kilichotuokoa ni Ramadhani. Bi Mkubwa aliuliza, "Jee, mwanangu, maji ya mpira yanafunguza?" Sheikh alimjibu kwamba hayafunguzi, kwa kuwa si chakula, lakini moyo wake haukutulia, akaomba aje baada ya futari. Ilikuwa haki yake. Hapo hatukuwa na njia ila kuwafundisha wa usiku kama tulivyowafundisha wa asubuhi, kwa kuwatazama mikono. Ilitakiwa tuanze nao, maana mpira uliharibika usiku.

Dresingi angavu ziliisha mara mbili katika siku zile 148. Safari hii safu ya pili ya ukurasa ilitumika: gozi, kila siku 2. Mzigo ulikuwa mkubwa kwa familia, nauli ya gari mara tatu au nne kwa wiki, na mara moja jirani alichangia. Mwongozo uliandikwa vizuri na gharama ikamwangukia mgonjwa. Tumeomba dresingi hizo ziingie kwenye oda ya kila robo mwaka. Zimeingia robo moja, robo iliyofuata hazikuja.

Kuhusu "subiri, daktari, tafadhali": nimesikia ikisemwa mara 2 kwa masikio yangu. Mara moja ilisikilizwa. Mara ya pili daktari alikuwa mgeni, hakujua makubaliano, na muuguzi akanyamaza. Sasa ukurasa ule unasomwa kwa kila daktari mpya siku anayoripoti.

Miezi michache baada ya hapo alilazwa mgonjwa wa figo mwenye katheta ya kusafishia damu, ile nene yenye miguu miwili inayotoka kifuani. Msichana wetu aliyefundika vyema alichukua trei ya piki, akahesabu sekunde 15 kwa sauti, akaandaa mililita 10 za maji ya chumvi. Kila kitu kwa ukurasa. Mzee wa kitanda cha pili, aliyewahi kumuuguza ndugu yake, ndiye aliyeuliza kwa nini haitoi kwanza dawa iliyomo. Ndani ya katheta ya figo hukaa heparini kali iliyojazwa hadi kipimo kilichoandikwa kwenye kila mguu. Inavutwa na kumwagwa kabla ya jambo jengine lolote, na ukiisukuma unaimwagia yote kwenye damu ya mgonjwa. Yule msichana alisimama, akafunga trei, akanipigia simu.

Ukurasa wetu ulikuwa na kichwa kisemacho "Utunzaji wa katheta ya muda mrefu". Siku ile ile tuliufuta, tukaandika "Piki tu". Katheta ya figo ina ukurasa wake sasa, wa rangi nyekundu, wenye sentensi mbili: usiifungue, piga simu kitengo cha figo. Namba ya simu imeandikwa chini yake kwa kalamu nzito.